Uzoefu wangu na kozi ya usanifu wa ndani na utengenezaji wa samani

Nimesoma kozi ya cheti inayounganisha usanifu wa ndani na utengenezaji wa samani, katika chuo kimoja binafsi hapa Dar es Salaam. Wengi huniuliza kama ada yake inalipa. Yangu haikupotea, na sababu kubwa ni karakana. Kuna kozi unayomaliza ukiwa hodari wa kupamba sebule kwenye skrini ya kompyuta, lakini hujui kama kabati ulilochora linaweza kupita mlangoni.

Kuchora tulianza kwa penseli na rula, SketchUp, programu ya kuchora kwa kompyuta, ikaja baadaye. Vipimo vya msingi unavishika haraka: kimo cha kiti sentimita 45, cha meza ya chakula 75, kina cha kabati la nguo 60 ili hanga zikae vizuri, kimo cha kaunta ya jikoni 90. Hapo kwenye kaunta ndipo nilipomheshimu mkufunzi wetu. Alimwomba mama anayetupikia chuoni aje asimame mbele ya kaunta, akaweka jiko la gesi la mezani na sufuria juu yake, kisha akamwambia, "Mama, tusongee ugali." Mabega yalimpanda mpaka karibu na masikio. Ugali unasongwa kwa uzito wa mwili unaoshuka kwenye mwiko, na ukijumlisha 90 ya kaunta na kimo cha jiko na sufuria, mpishi hana pa kuegemeza nguvu zake. Tangu hapo, sehemu ya jiko naichora chini kuliko sehemu ya kukatia mboga, na swali langu la kwanza kwa mteja ni nani anapika na anapika nini. Vile 90 vinafaa kwa kukaanga mayai. Kwa ugali wa familia ya Kitanzania, hapana.

Karakana ilikuwa ngumu. Mashine hazikuguswa mwanzoni: ni msumeno wa mkono, randa, patasi, na kuunganisha miguu ya stuli kwa ulimi na tundu mpaka kiungo kikae bila msumari. Baadhi ya wenzangu walilalamika kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mimi naona ndiyo yaliyonifanya niijue mbao. Mninga, mkongo, mtiki na paini ya Sao Hill kila moja inaipokea randa kwa namna yake. Tulisoma pia plaiwudi na MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), na namna ya kupanga vipande kwenye bodi ya futi 8 kwa 4 ili mabaki yawe machache, ukihesabu na unene wa msumeno. MDF ikinywa maji inafura na hairudi, kwa hiyo chini ya sinki usiiweke hata kama mteja anabana bei.

Sasa kasoro. Chuo kilikuwa kinatuletea mbao ambazo hazijakauka, na hakikuwa na kifaa cha kupima unyevu. Samani za ndani zinataka mbao yenye unyevu wa kama asilimia 8 hadi 12. Meza moja nzuri tuliyoitengeneza kwa hewa ya Dar yenye unyevu ilipelekwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na haikuchukua muda uso wake ukapasuka. Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki, na sisi tulifundishwa kuikaza kwa skrubu kila upande. Ingepasuka tu. Matundu ya skrubu yakitobolewa marefu kidogo kufuata upana, uso unapata nafasi ya kucheza. Hilo sikulipata chuoni. Nililipata Keko, mtaa wa mafundi samani hapa Dar, nilipokwenda mafunzo kwa vitendo kwa fundi mmoja mzee.

Huko Keko ndiko nilikojifunza na kupiga hesabu, jambo ambalo chuo kililigusa juu juu mno. Mteja anakuja na picha kwenye simu na anataka bei papo hapo. Mbao kila mtu anaikumbuka. Kinachommaliza fundi ni msasa, gundi, sila (rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi), vanishi, bawaba, reli za droo, umeme na kirikuu cha kupeleka mzigo. Fundi wangu aliutazama mchoro wa kabati niliouringia sana, akaniuliza, "Mdogo wangu, hii droo ya ndani itatokaje wakati bawaba na mlango viko njiani?" Akachukua penseli, akaisogeza droo ndani kidogo. Hadi leo tunafanya kazi pamoja: mimi napima na kuchora, yeye na vijana wake wanatengeneza, na nikifika karakana tunaelewana.

Kama unataka shahada, Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha usanifu wa ndani. Kama fedha ni kidogo, ningekushauri uanze na useremala VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, kisha uongeze uchoraji, kwa sababu SketchUp ina toleo la bure la mtandaoni unaloweza kujifunzia nyumbani, ila mashine ya randa huna. Na chuo chochote utakachokichagua, kabla ya kulipa omba kuingia karakana siku ya kazi. Angalia kama wanafunzi ndio wanaokata mbao au wamesimama wanamtazama mwalimu, kisha uliza mbao zinanunuliwa wapi na zinakaushwa vipi.