Zotero kwa wanaohangaika na tesisi

Wadau kama marejeo yanawatoa jasho chukueni Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, ni ya bure na ipo tangu 2006. Makala ikiwa na DOI (namba yake ya utambulisho mtandaoni) unaibandika tu hiyo namba, Zotero inavuta jina la mwandishi, mwaka, jarida, halafu ndani ya Word unachagua mtindo wa marejeo kama APA au Chicago inapanga yenyewe, yaani raha. Shughuli iko kwenye kurasa za kawaida za mtandaoni maana saiti nyingi haziweki vizuri mwandishi wala tarehe, basi unakuta nafasi ziko wazi, hapo unajaza kwa mkono tu hamna namna. Tarehe uliyoifungua ukurasa inaweka yenyewe (hii nimeipenda). Stoo ya bure ya mtandaoni ya kuhifadhi mafaili ni MB 300, wenye PDF nyingi itawajaa fasta. Nyota nne.