Somo la CPN (kliniki ya wajawazito) Kadutu: picha nzuri, maswali haba
Somo la wajawazito kwenye kituo hiki cha afya cha Kadutu, Bukavu, lina picha nzuri sana za dalili za hatari: uso uliovimba, damu inayotoka, mama anayeshika kichwa kwa maumivu. Kasoro iko mwishoni. Muuguzi anauliza, “Mumeelewa, bamama?” Wote wanaitika “Ndiyo!” na hakuna kilichopimwa. Afadhali mama mmoja aeleze kwa maneno yake: damu ikitoka usiku, utafika hospitali kwa usafiri gani, nani atabaki na watoto?

Vidonge vya chuma vinagawiwa bila onyo kwamba chai huzuia chuma kuingia mwilini. Wala hawaambiwi kuwa choo kitakuwa cheusi, na hofu hiyo huwafanya wengine waviache. Ubao nao bado unaonyesha CPN 4, yaani mahudhurio manne ya kliniki, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri 8 tangu 2016.