Toluini ya kopo la lita 5: mzigo safi, lebo nusunusu

Kwa kuchanganyia rangi na gundi, mzigo huu wa toluini (kiyeyushi cha majimaji) hauna ubaya: ni mwangavu kama maji, na tone lake kwenye kioo hukauka bila kuacha doa. Kasoro iko kwenye lebo.

Upande wa moto wamepatia. Mvuke wa toluini unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 4 hivi za Selsiasi, na yenyewe huchemka kwenye nyuzi 111. Mvuke kuwaka chini ya 23, kuchemka juu ya 35: hilo ni Daraja la 2 la vimiminika vinavyowaka katika GHS, mfumo wa kimataifa wa kupanga na kuwekea lebo kemikali, neno "Hatari" na alama ya mwali. Mvuke huo ni mzito mara tatu kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la jirani.

Kwenye afya wameteleza vibaya. Wameweka alama ya mshangao tu, ya kuwasha ngozi na kuleta kusinzia. Ile ya kifua chenye nyota haipo, na si pambo: toluini ikimezwa hupenya kirahisi hadi mapafuni (Daraja la 1 la hatari hiyo, ndiyo maana mtu hatapishwi), inashukiwa kumdhuru mtoto tumboni, na kuivuta kwa muda mrefu huumiza neva.

Kopo halina mdomo wa kumiminia, kwa hiyo humwagika. Ukihamishia kwenye chombo kingine cha chuma, viunganishe kwa waya na uweke ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) kwanza. Cheche ya umeme tuli inatosha kulipua. Chupa ya maji ya kunywa, kamwe.

Nyota 3 kati ya 5.