Kipima mwanga kipi ununue ili roli zako za filamu zitoke sawa

Roli mbili za aina moja, jua lile lile, moja imetoka nyeusi mno na nyingine imefifia? Kabla ya kumgombeza aliyekusafishia, angalia ulivyopima mwanga. Kipima kilicho ndani ya kamera husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na kwake kila kitu ni kijivu cha wastani. Kielekeze kwenye shela la bibi harusi, kitakuambia upunguze mwanga, na shela litatoka kijivu. Kielekeze kwa paka mweusi, naye atatoka kijivu.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza nakipa kipima cha mkononi chenye kuba nyeupe, mfano Sekonic L-308X. Hiki husoma mwanga unaoangukia kitu. Simama alipo unayempiga picha, elekeza kuba kwenye kamera, bonyeza. Rangi ya nguo haina usemi tena. Kinatumia betri moja ya AA na kinapima hata flashi. Udhaifu wake ni mlima ulio mbali wenye jua huku wewe umesimama kivulini: huwezi kuupelekea kuba.

Ya pili ni programu ya simu. Ndiyo, simu! Mchana inatosha kabisa; gizani ndipo huanza kubabaisha. Ila shikilia simu moja na programu moja, maana ukibadilisha kila wiki hutajua kosa linatoka wapi.

Vipima vidogo vya kuchomeka juu ya kamera, kama Voigtländer VC Meter II, naviweka vya tatu. Vinafaa kamera kongwe isiyo na kipima, ila ugonjwa wa kijivu vinao pia.

Cha nne kitawaudhi wapiga mandhari: kipima kinachosoma pembe ya digrii 1 tu, kama Pentax Digital Spotmeter. Ni chombo kizuri sana mkononi mwa anayejua kwamba ukuta mweupe unahitaji kuongezewa kama stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili). Asiyejua atakosea kwa usahihi mkubwa.

Mwisho ni vikuukuu. Vya seleniamu, vinavyojitengenezea umeme kwa mwanga, havihitaji betri, lakini seli yake huchoka. Changu kilisoma vizuri juani, ndani ya nyumba kikapotea stopu moja na nusu, na nikagundua roli ikiwa imeshasafishwa. Vingine, kama Gossen Lunasix 3, viliundwa kwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. Ukitia alkalini ya volti 1.5, usomaji unapotoka na huzidi kuhama betri inavyoisha.

Ukikutana na kimoja na moyo ukakataa kukiacha, kijaribu kabla ya kulipa: jua kali lisilo na wingu, ISO 100 (wepesi wa filamu kunasa mwanga), f/16 (tundu la lenzi), kinapaswa kukupa karibu 1/125 ya sekunde. Kisha kipeleke kivulini ukilinganishe na simu yako, maana juani hata kibovu husema kweli.