Hifadhidata ya duka au depo Lubumbashi: ipi kwanza, ipi uiache

Mama mmoja mwenye depo ya unga kule Kenya (komini yetu ya Kenya, si nchi ya Nairobi) alinisikiliza nikimweleza habari za PostgreSQL, hifadhidata ya bure, kisha akauliza: "Fundi, ile ya bure iko na nguvu kweli, ao unanidanganya?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Depo ina kompyuta tatu na makarani wawili, kila karani na faili lake la Excel, na jioni hesabu hazikutani. Mmoja amepunguza mifuko 40, mwenzake hana habari. Dawa ya tatizo hilo ni hifadhidata moja ambayo wote wanaandika humo. Ndani yake kila kitu kinakaa kwenye jedwali lake, bidhaa huku, wateja kule, mauzo pale, na majedwali yanajuana kwa namba. Wazo hilo lilitolewa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, na zote nitakazozitaja hapa zinaelewa lugha moja, SQL. Muuzaji akikuambia yake ndiyo ya kisasa na nyingine zimezeeka, mwache amalize soda yake aende.

Watu wengi huanza kwa kuuliza ipi ina kasi. Depo inayotoa risiti 300 kwa siku haitachosha hata moja kati ya hizi. Mimi naanza na swali jingine: umeme ukikatika saa kumi na moja jioni, karani akiwa katikati ya kuuza, asubuhi tutakuta nini? Halafu: fundi akihamia Kolwezi kutafuta kazi migodini, nani mwingine mjini ataifungua? Bei inakuja baada ya hayo mawili.

Ya kwanza: PostgreSQL

Ilizaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 kwa jina la POSTGRES. Ni bure yote. Hakuna toleo la kulipia lililofichwa nyuma ya lile la bure. Ninaiweka juu kwa sababu ya daftari lake. Kabla ya kugusa majedwali yenyewe, inaandika badiliko kwenye faili la kumbukumbu na kuhakikisha limefika diskini. Umeme ukirudi, inalisoma daftari hilo: kilichothibitishwa inakikamilisha, kilichokuwa nusu inakitupa. Ni kama mtunza stoo anayeandika kwanza ndipo mfuko utoke mlangoni. Kuna mafundi wanaozima ulinzi huo, mpangilio unaitwa fsync, ili mashine ionekane nyepesi. Ukimkuta wako amefanya hivyo, mwambie aurudishe mbele yako.

Jambo jingine, ni kali. Ukiandika tarehe 31 Februari inakataa, ukiandika "mbili" mahali pa namba inakataa. Makarani hulalamika wiki ya kwanza, baadaye wananyamaza. Na ukifikiria kutumia Odoo, programu ya kuendesha biashara, siku za mbele, Odoo haikubali hifadhidata nyingine. DHIS2, ambayo kanda za afya za Kongo hutumia kukusanya takwimu, nayo inakaa juu ya hiyo hiyo.

Kasoro yake: kila toleo kubwa linatunzwa miaka 5, na kuhama kutoka moja kwenda jingine ni kazi ya fundi, si ya kubonyeza mara moja. Pia mafundi wengi hapa mjini walijifunzia MySQL, kwa hiyo utatafuta kidogo.

Ya pili: MariaDB au MySQL

Hizi ni ndugu. Michael Widenius aliipa MySQL jina la binti yake My, na MariaDB jina la binti mdogo, Maria. Kampuni ya Sun iliinunua MySQL mwaka 2008 kwa dola bilioni 1, Oracle ikaimeza Sun mwaka 2010, na MariaDB ikawa imeshachipuka 2009 ili tawi moja libaki mikononi mwa jamii. Kwa mnunuzi wa Lubumbashi tofauti ni ndogo. Zote zipo bure, Dolibarr, programu nyingine ya biashara, inafanya kazi nazo, na fundi wa kuzifungua hukosi.

Ila kagua mambo mawili. Muulize fundi majedwali ni ya aina gani. Akijibu InnoDB, vizuri. Hayo yana daftari kama nililoeleza. Akijibu MyISAM, mwambie ayabadilishe kabla hujamlipa, maana aina hiyo ya zamani haina daftari, na umeme ukikatika jedwali linaweza kuharibika likadai kutengenezwa. InnoDB ndiyo chaguo la kawaida tangu toleo la 5.5 la MySQL, la mwaka 2010, lakini programu nyingi za kunakiliwa bado zinabeba MyISAM. La pili, XAMPP, kifurushi kinachobeba hifadhidata hii ndani yake, ni ya kujifunzia. Inakuja na mtumiaji mkuu asiye na nenosiri. Nimeikuta ikiendesha kesi (pale pa kulipia) ya duka zima, na kijana yeyote mwenye waya wa mtandao angeweza kufuta madeni yake mwenyewe.

Ya tatu: SQLite

Kwa duka la dawa lenye kompyuta moja pale Katuba, usitafute mbali. Hifadhidata nzima ni faili moja, haina seva, na imo tayari ndani ya kila simu ya Android. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000 bila kudai haki yoyote. Mwandikaji ni mmoja tu kwa wakati, basi usiliweke faili hilo kwenye folda ya pamoja ili kompyuta tatu zigombanie.

Ya nne: SQL Server

Hii ni ya Microsoft. Ninaiweka hapa kwa bei, si kwa ubora. Mhasibu wako akitumia toleo la Sage 100, programu ya uhasibu, linalotaka SQL Server, hamna mjadala. Toleo la Express ni bure, na kikomo chake kilikuwa GB 10 kwa kila hifadhidata hadi toleo la 2022; la 2025 limefika GB 50. Hiyo inatosha depo kwa miaka mingi, mradi usijaze picha za risiti humo ndani. Watu wanachosahau ni kwamba Express haina mpangaji wa kazi, kwa hiyo nakala ya usiku haijifanyi yenyewe. Lazima fundi aipange kupitia Windows. Ukitaka Standard ya 2022, bei ya orodha Marekani ni dola 3,945 kwa kila kore mbili (kore ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi), na kwa leseni ya namna hiyo huruhusiwi kununua chini ya kore nne. Piga hesabu ya jenereta kwanza.

Ya tano: Oracle

Dola 47,500 kwa kila prosesa kwenye toleo la Enterprise, na asilimia 22 ya bei hiyo kila mwaka kwa matunzo. Kwa depo ni kukodi lori la shaba ili kupeleka nyanya sokoni. Lipo toleo la bure lenye kikomo cha GB 12 za data, zuri kwa kijana anayetafuta kazi kwenye kampuni kubwa.

Access, ile hifadhidata ndogo ya Microsoft, sikuipanga. Inaishia GB 2 na haipendi mtandao unaokatika.

Yoyote utakayochagua, simama juu ya fundi anapotengeneza jedwali la mauzo. Yule mama anauza mfuko kwa dola na meka, kile kipimo kidogo, kwa franki. Kiwango cha kubadilisha lazima kiandikwe kwenye kila risiti, siku ileile. Kikikaa mahali pamoja tu, ukikibadilisha Jumatatu, mauzo yote ya mwezi uliopita yanabadilika nayo. Na safu ya pesa iwe ya desimali kamili, NUMERIC au DECIMAL, kamwe isiwe FLOAT, ambayo haiwezi kuandika hata 0.1 sawasawa. Sentimu zinazopotea hapo ndizo zinazomfukuzisha karani asiye na kosa.

Pesa uliyookoa kwenye leseni, nunua onduleri, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, na diski ya nje ya kulala kwingine. Mimi niliwahi kuweka nakala za mteja ndani ya kompyuta ileile. Wezi waliichukua kompyuta, wakaondoka na nakala pia.

Kwa mama nilimjibu kwa vitendo. Tulijaza mauzo ya majaribio, karani akathibitisha risiti ya mifuko 4, akaanza nyingine ya mifuko 9, nami nikachomoa waya ukutani. Tulipowasha, ile ya 4 ilikuwepo, ile ya 9 haikuwepo, na stoku ilikuwa sawa.

Mama akaangalia kioo, akaangalia waya. "Chomoa tena," akasema.