Tahadhari kwa wenye Hiace: ukiambiwa gasketi imeungua, dai ile ya zamani kisha uipime kwa rula

Wakuu, habari za mihangaiko. Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikiona aibu kulisema. Gari ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na moja huu, na bado nimeingizwa mjini kama mtu aliyeshuka stendi jana. Lakini juzi mwenzangu wa kijiweni kaniambia na yeye kafungiwa gasketi ya hedi (ile bamba nyembamba inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) na watu walewale, kwa maneno yaleyale, nikaona nikiendelea kunyamaza nitakuwa nawasaidia.

Wako wawili. Mmoja anauza spea, ana fremu yake maeneo ya Kariakoo. Mwingine ni fundi anayeshinda nje ya duka kwenye kiti cha plastiki kama vile hawajuani. Jina la duka silitaji kwa sababu suala liko polisi. Nataka muujue mchezo wenyewe.

Gari yangu ni Hiace ya petroli, injini 2TR, lita 2.7. Ilianza kupungua maji. Asubuhi nikichungulia chini pakavu kabisa, hakuna hata tone, lakini kila baada ya siku mbili naongeza karibu lita nzima. Geji ya temperecha mjini haisogei. Kuna mama mmoja ninampeleka sokoni Ilala alfajiri, hukaa siti ya nyuma kabisa na vikapu vyake. Siku moja akaniambia, "Baba, hii gari yako inanukia kama kashata zinaungua." Nikacheka, nikajua ni mzigo wa mtu. Kumbe mama wa watu kanipa jibu bure nami sikumsikia.

Dukani nilikwenda kununua mfuniko wa rejeta tu. Muuzaji akaniuliza gari ina shida gani, akanipa pole, akamwita fundi. Fundi akafungua rejeta injini ikiwa imepoa (hapo simlaumu, ukifungua ya moto maji yatakuchuna uso), akajaza maji hadi juu, akaniambia niwashe bila kurudisha mfuniko. Dakika chache, mapovu. "Unaona, bosi? Huo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Gasketi ya hedi imeungua." Mapovu yalipoanza kupungua akanipigia kelele nizime haraka, eti injini itakufa pale pale.

Ile haraka ndiyo ilitakiwa inishtue. Gari iliyopungua maji ukiijaza huwa na hewa ndani, na Hiace yenye hita ya nyuma ina mabomba marefu ambayo hewa hujificha humo. Ukiwasha mfuniko ukiwa wazi, lazima itoke, halafu inaisha. Gasketi ikiwa imeungua kweli mapovu hayaishi, na ukikanyaga mafuta yanazidi. Tena kuna kipimo chake kabisa: kichupa chenye dawa ya bluu kinawekwa kwenye mdomo wa rejeta, kinavuta hewa iliyo juu ya maji. Kama mna moshi wa silinda, dawa inageuka njano. Yeye hakuwa nacho, na mimi sikuuliza.

Hesabu yao: gasketi "orijino" 420,000, kuchonga hedi 150,000, ufundi 380,000, na madumu mawili ya kulanti ya pinki, yaani maji ya dawa ya kupozea injini, 80,000. Jumla 1,030,000. Risiti nikapewa ya mkono, imeandikwa "spea", basi. Nilipotaja ya EFD, ile ya mashine ya kodi, muuzaji akasema mashine ina mtandao mbovu leo.

Niliacha gari saa nne asubuhi. "Nenda kapate chai, bosi, hapa jua kali." Saa tisa alasiri simu: tayari. Nakuta siti zimesharudishwa mahali pake. Mnajua Hiace injini iko chini ya siti za mbele, siti ikirudi huoni kitu. Fundi akanikabidhi gasketi ya zamani, nyeusi tii, imeliwa kati ya silinda ya pili na ya tatu. Nilipoiona moyo ukatulia kabisa. Nikampa elfu kumi ya soda juu yake. Hiyo elfu kumi inaniuma kuliko milioni yote.

Saa tano, wakuu. Kufungua hedi ya 2TR unatoa manifoldi zote mbili, unatoa mfuniko wa tepeti, unalegeza cheni ya taimingi, hedi inapelekwa kwa wachongaji, inasubiri foleni, inarudi. Fundi mzuri mwenye msaidizi atakuchukua siku moja na nusu, pengine mbili. Nilikuwa nalijua hilo. Sijui siku ile akili niliiacha wapi.

Ijumaa yake nilikuwa na safari ya Iringa, watu kumi na wawili wanakwenda kwenye send-off. Tulifika Mikumi vizuri. Ruaha Mbuyuni akina mama wakataka kushuka wanunue vitunguu, na namshukuru Mungu kwa vitunguu vile, maana mbele yetu kulikuwa na ule mlima mkali wa Kitonga. Nikachungulia tanki la akiba la maji: tupu. Kulanti yote ya elfu themanini imekwenda.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja pale, mzee wa makamo, hana gereji, ana mti. Hakugusa spana. Alisema tusubiri ipoe, tukasubiri zaidi ya saa nzima. Kisha akajaza maji, akatoa kwenye boksi lake mfuniko wa zamani wa rejeta alioutoboa katikati na kuuchomelea valvu ya tairi, akaufunga mdomoni mwa rejeta, akachukua pampu ya baiskeli. Akapampu taratibu, akipima kwa geji ya upepo wa tairi. "Mfuniko wako umeandikwa 1.1," akaniambia, "ni kama 15 kwenye geji hii. Nikizidisha nitakupasulia rejeta." Injini imezimwa, kimya. Akalala chini ya gari.

Hakwenda hata mbele kwenye injini. Alitambaa moja kwa moja hadi usawa wa siti za nyuma, akaniita. Yapo mabomba mawili ya chuma yanayotoka mbele kupeleka maji ya moto kwenye hita ya nyuma, yamepita chini ya sakafu. Moja lilikuwa limefanya ukoko mweupe wenye pinki, kama chumvi iliyokaukia kwenye sufuria, na katikati ya ukoko tone linachungulia, linakua, linadondoka, lingine linakuja. Akaligusa bomba kwa bisibisi, bisibisi ikazama. Kutu tupu. Akanieleza kwamba gari nyingi zinazotoka sehemu za theluji huko Japani zimepita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na chumvi huanza kula vitu vya chini. Tundu lilikuwa dogo, linafunguka mfumo ukiwa na presha ya moto, na maji yanaangukia bomba la ekzosi yanakauka hapo hapo. Ndiyo maana asubuhi pakavu. Na harufu ya kashata ni kulanti inayoungua.

Hita ya nyuma, Dar es Salaam, ya nini? Alikata mipira miwili kule mbele yanapoanzia mabomba, akaunganisha maji yanayotoka na yanayorudi kwa kipande kimoja cha mpira na klipu mbili. Mpira na klipu 19,000, ufundi 20,000. Kitonga tulipanda geji haijasogea.

Wakati anafunga siti ndipo akaniuliza, "Unasema hii hedi imefunguliwa lini?" Nikamwambia Jumatatu. Akaniita nione. Nati za manifoldi zina vumbi lililogandana na oili, la miaka, hakuna alama ya spana hata moja. Silikoni ya mfuniko wa cheni ni ya kiwandani. Walichofanya ni kunyanyua siti, kupangusa juu juu kwa petroli, na kurudisha siti.

Gasketi niliyopewa ilikuwa kwenye mfuko nyuma ya kiti. Nilikuwa nimeihifadhi nimwoneshe mke wangu fedha ilikokwenda. Mzee akaazima rula kwa mtoto wa shule aliyekuwa anapita. Tundu la silinda: milimita 87. Silinda ya 2TR ina kipenyo cha milimita 95. Ile ya 86 ni 1TR, injini ya lita 2.0, na tundu la gasketi huzidi silinda kidogo. Gasketi ile haijawahi kukaa kwenye gari yangu hata siku moja, isingewezekana, ingejitokeza ndani ya silinda. Wana gasketi mbovu moja wanayompa kila mteja, au wanazo nyingi wanaokota kwenye gereji za watu.

Kuhusu ile kulanti: kidogo kilichobaki kwenye dumu nilikimimina kwenye kisosi nikaweka juu ya paa la gari. Hadi mchana kilikuwa kimekauka, imebaki rangi ya unga. Kulanti halisi haikauki hivyo, inabaki inateleza kidoleni siku kadhaa. Msijaribu kwa ulimi tafadhali, ni tamu lakini ni sumu, na mbwa na watoto wanaipenda.

Kwa hiyo ukiwa na gari inayopungua maji, kabla hujaruhusu mtu ataje neno gasketi, mwambie apime presha injini ikiwa baridi, wewe ukiwa hapo, na afuate tone liko wapi. Aangalie wota pampu kwenye kile kitundu chake cha chini, mipira, rejeta yenyewe, na mabomba ya hita ya nyuma ambayo wengi wanayasahau. Akisema hedi lazima ifunguke, piga picha za nati kwa simu kabla hujaacha ufunguo, na umwambie utakwenda mwenyewe kwa mchonga hedi.

Polisi walinisikiliza vizuri, ila karatasi yangu haina jina la duka wala TIN (namba ya mlipakodi), na hapo ndipo kesi inapopata shida. Jamaa wanasema hawanijui. Kama na wewe ulipewa gasketi nyeusi iliyoliwa kati ya silinda ya pili na ya tatu na gari yako ni 2TR, usiitupe. Ipime. Ikiwa ni 87, niandikie hapa chini, twende kituoni tukiwa wengi.