Kuuza kampa kupitia yadi, Malindi: mteja wanamjua, chumvi hawaijui

Ukiwa na kampa (gari lenye kitanda, la kulala safarini) ya kuuza hapa Malindi na umechoka na madalali, yadi ya magari niliyoitumia mimi inafaa. Ila usiwaachie gari ukaenda zako.

Langu lilikuwa Toyota HiAce ya dizeli. Seremala wa Majengo alinitilia kitanda cha kukunja na kabati la vyombo, na juu ya bodi kuna paneli ya sola inayolisha friji ya volti 12. Nilikuwa nikipeleka wageni Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, au Marafa wakitaka kwenda karibu.

Kabla ya yadi niliuza mwenyewe: picha mtandaoni, karatasi ya LAUZWA kwenye kioo. Simu hazikukatika, na karibu zote ni za watu wa matatu. "Viti vyake umeviweka wapi?" Kwao kitanda ni takataka ya kung'oa, kwa hiyo wanakutajia bei ya bodi na injini tu. Mmoja alitaka kuligeuza gari la kubebea maiti. Hilo nalo ni gari la kulala, sikatai.

Yadi hawakati asilimia. Unataja pesa unazotaka mkononi, wao wanaweka cha juu chao. Nilitaja 1,200,000, wakalitangaza kwa 1,450,000. Sina kinyongo na hilo, maana kazi waliifanya: walilipiga picha kitanda kimetandikwa, friji iko wazi na chupa za maji ndani, kisha wakawatafuta wenye nyumba za wageni Watamu na Wataliano wanaoishi huku. Liliondoka na mtu anayelala porini kwa raha zake, na pesa zangu nilizipata kamili, ingawa kusi ilikuwa imeingia na wageni wamepungua mjini.

Sasa lawama. Uwanja wao hauna paa na bahari iko pale pale. Siku moja nikapita bila kuwaarifu, nikakuta bawaba za mlango wa nyuma zimeshika kutu, na mlango wenyewe uko wazi. Ndani kuna kijana wa yadi kajinyosha kitandani kwangu, feni inapuliza, simu mbili ziko chaji, kikombe cha chai juu ya friji. Akaniambia, "Karibu mzee, nalinda." Betri ya sola ilikuwa imekwisha kabisa. Meneja akasema mkataba hautaji betri, na kweli haukuitaja, nikanunua nyingine. Wewe iandikishe, pamoja na nani atawasha injini kila wiki na nani atapangusa chumvi ya bahari.

Jambo jingine lililonikera: waliniomba nenosiri la eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, "ili mambo yaende haraka". Nikakataa. Kuhamisha umiliki kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, huanzishwa na muuzaji, na mnunuzi anakubali kwa akaunti yake mwenyewe. Yadi haina sababu ya kuingia hapo kwa jina lako. Nilikaa ofisini kwao mpaka ujumbe wa benki ukaingia, ndipo nikaanzisha uhamisho kwa simu yangu. Walinuna kidogo, lakini soda walinipa.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitawapa wakiezeka mabati.